Dozi Isikatike: Namna ya Kumtibu Mraibu Aliyeko Mahabusu

Polisi wanapozoa vijana maskani Ijumaa usiku, wengi huonekana wazima mpaka alfajiri. Kufika Jumamosi mchana, yule aliyekuwa akivuta au kujidunga unga, yaani heroini, kila siku anaanza kupiga miayo mfululizo. Machozi na kamasi zinamtoka, vinyweleo vinasimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Jumapili anatapika na kuhara kwenye ndoo ya selo mbele ya wenzake. Jumatatu anasimama kizimbani akitetemeka, na hakuna aliyemuuliza anaumwa nini.

Mwongozo huu ni wa muuguzi na tabibu wa zahanati ya gereza, askari wa zamu, mhudumu wa kliniki ya metadoni (dawa ya kunywa kila siku inayoshika nafasi ya heroini), na ndugu aliyebaki nyumbani ameshika kadi ya kliniki asijue aipeleke wapi. Kazi hii nimeifanya pwani kwa miaka, na nimeshuhudia kwamba mtu anaweza kutibiwa vizuri akiwa ndani. Sharti ni moja gumu: dozi isikatike, wakati wa kuingia wala wakati wa kutoka.

Vipimo vya dawa nilivyoviandika hapa ni vya kumsaidia mtaalamu ajue mipaka. Wewe ndugu au askari usimpe mtu dawa hizi kwa kukadiria. Na wewe mtaalamu, mwongozo wa Wizara ya Afya wa nchi yako ndio wa kushika.

Kwanza, acheni kusema "atapona mwenyewe humo ndani"

Nimeyasikia maneno hayo kwa askari, kwa wazee wa mtaa, hata kwa mama mzazi aliyechoka kuibiwa masufuria. Ni kweli mwili hutulia. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hushika kasi siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki hivi tumbo na mifupa hutulia. Inayobaki ni kiu ya kichwani, na hiyo haiondoki kwa wiki moja. Wakati huohuo mwili umepoteza uzoefu wake wa kuhimili. Mtu aliyekuwa akimaliza kete tano kwa siku, akikaa ndani mwezi mmoja, kete mbili za siku ya kwanza uraiani zinaweza kumkata pumzi.

Watafiti waliowafuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, walichapisha matokeo yao mwaka 2007: katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka, hatari ya kufa kwa kuzidiwa na dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine wa jimbo hilo. Mwaka 2016 jimbo dogo la Rhode Island, hukohuko Marekani, lilianza kuwapa watu walioko ndani metadoni, buprenofini (nayo hushika nafasi ya heroini) au naltreksoni (huzuia heroini isimlevye mtu) kwa kadiri ya hitaji la kila mmoja, na kuwaunganisha na kliniki wanapotoka. Ukilinganisha nusu ya kwanza ya 2016 na nusu ya kwanza ya 2017, vifo vya kuzidiwa na dawa miongoni mwa waliotoka karibuni vilishuka kwa karibu asilimia 61.

Kwetu dawa si ngeni. Muhimbili ilianza kutoa metadoni Februari 2011, na Mathari ya Nairobi Desemba 2014. Shirika la Afya Duniani liliziweka metadoni na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya kuifikisha dawa hiyo kutoka kliniki hadi upande wa pili wa geti.

Hatua ya 1: Andikianeni kabla mgonjwa wa kwanza hajaletwa

Usisubiri mgonjwa aletwe ndipo uanze kutafuta namba za simu. Mganga wa gereza na kiongozi wa kliniki ya metadoni iliyo karibu wakae kwa mkuu wa gereza, wakubaliane mambo haya kwa maandishi: nani anapiga simu mtu akikamatwa, nani anapokea simu hiyo hata Jumapili, dawa inafikaje, inatunzwa wapi, na nani anasaini.

Namna za kuifikisha ni tatu. Ya kwanza, mhudumu wa kliniki anakuja kila siku na dozi zilizopimwa. Ya pili, mgonjwa anasindikizwa kliniki. Ya tatu, zahanati ya gereza inapewa ruhusa ya kutunza na kutoa dawa yenyewe. Namna ya pili ndiyo hukwama haraka, maana siku hakuna gari au hakuna askari wa kusindikiza, siku hiyo dozi imekufa. Kama gereza lenu lina wagonjwa zaidi ya wachache, pigania ya tatu. Inataka kabati la chuma lenye kufuli mbili, daftari linalosainiwa na watu wawili, na hesabu ya mililita kila jioni. Si vitu vya gharama kubwa.

Mkuu wa gereza akisita, usianze na takwimu. Mwambie lile analoliona kila wiki: selo yenye watu walioshikwa na arosto haina usingizi, ina ugomvi, ina matapishi, na ina magendo ya unga. Mtu aliyepata dozi yake hana sababu ya kumtafuta wa kumwingizia kete. Kisha mwonyeshe Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni ya 24 inataka huduma ya afya gerezani iwe ya kiwango kilekile cha uraiani, na matibabu yasikatike, uraibu wa dawa za kulevya ukiwa umetajwa. Kanuni ya 30 inamtaka mtaalamu amwone kila anayeingia mapema iwezekanavyo na aangalie dalili za arosto.

Hatua ya 2: Maswali ya siku ya kwanza

Yaulizwe siku ileile, faraghani, na mtu wa afya. Akiuliza askari mbele ya foleni, jibu litakuwa "situmii chochote, afande", na usiku ndio utakaosema ukweli.

Kabla ya swali la kwanza mwambie wazi: "Mdogo wangu, ninachokuuliza hapa ni cha matibabu. Hakiendi kwa mpelelezi." Na kweli kisiende. Siku maelezo ya mgonjwa yatakaposomwa mahakamani kama ushahidi kwamba ni mtumiaji, hakuna mwingine atakayekwambia ukweli katika gereza hilo. Usimwite teja. Neno hilo linamfunga mdomo.

Uliza: unatumia nini, unavuta au unadunga, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho lini? Unakunywa pombe, na asubuhi usipokunywa mikono inatetemeka? Unameza vidonge vya usingizi? Uko kliniki ya metadoni, na dozi yako ni ngapi? Umewahi kuzimia kwa unga? Unatumia dawa za TB, za virusi vya UKIMWI au za kifafa? Kwa mwanamke: siku zako za mwisho zilikuwa lini? Na mwisho, kwa sauti ya chini: umefikiria kujidhuru? Siku za mwanzo ndani ni siku za hatari, hasa kwa aliyekuwa akitumia kokeini, ambaye akishuka huanguka moyo vibaya.

Kisha mtazame. Miayo, kamasi, mboni za macho zilizopanuka gizani na mwangani, vinyweleo vilivyosimama, jasho, mapigo ya moyo ya haraka, kutotulia kitini. Kipo kipimo cha dalili 11 kinachojumlishwa kwa alama, kinachotumika katika kliniki za metadoni. Chukua nakala yake kliniki ubandike ukutani. Alama chini ya 5 hazihesabiki kuwa arosto, 5 hadi 12 ni arosto nyepesi, 13 hadi 24 ni ya wastani, zaidi ya hapo ni kali.

Jambo moja la kwetu: jasho, baridi, kutapika na mwili kuuma humfanya kila mtu aseme malaria. Pima kwa kipimo cha haraka. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Lakini usimpe dawa ya malaria mtu mwenye arosto ukadhani umemaliza kazi.

Hatua ya 3: Mtenge mlevi wa pombe na wa vidonge

Arosto ya heroini inatesa, lakini mtu mzima mwenye maji mwilini mara chache humwua. Arosto ya pombe inaua. Mnywaji wa gongo au chang'aa wa kila siku akikatishwa ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kumpata katika siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, joto likapanda. Wenzake watasema ana mashetani. Huyo ni wa hospitali.

Anayetumia vidonge vya aina ya Valium, au vile vijana wa Mombasa huviita bugizi, yuko katika hatari hiyohiyo, ila yake huweza kuchelewa siku kadhaa. Wote hawa hutibiwa kwa diazepamu inayopunguzwa polepole chini ya tabibu. Mnywaji apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi. Asilale peke yake, na wala asilazwe kifudifudi pembeni "aachwe alale pombe ziishe".

Bangi na miraa hazina dawa ya kuziba pengo. Atakosa usingizi, atakuwa na hasira, yatapita. Akianza kuona au kusikia visivyokuwepo, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Hatua ya 4: Aliye tayari kwenye metadoni

Huyu ndiye rahisi kuliko wote, na ndiye tunayemwangusha zaidi.

Nitasimulia la kijana mmoja. Alikuwa kwenye metadoni kwa miaka miwili, miligramu 80, hakosi siku, ameanza kazi ya kuosha magari. Alikamatwa kwa kesi ya wizi wa simu. Mama yake alikuja na kadi ya kliniki hadi mapokezi, akaambiwa hapo si hospitali. Sisi kliniki tuliona tu hajafika siku tatu, tukaandika "ametoroka matibabu". Hilo ni kosa letu, na bado linaniuma. Alikaa mahabusu wiki tatu bila dawa, akapata dhamana, na usiku uleule akarudi maskani. Mama yake alinipigia alfajiri. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtu akikwambia yuko metadoni, piga simu kliniki yake kabla hujafunga daftari. Thibitisha jina, picha, dozi, na tarehe aliyokunywa mara ya mwisho. Asipewe dozi kwa kauli yake tu, maana wapo watakaotaja 100 wakati wanakunywa 40, na tofauti hiyo inaua.

Hesabu siku alizokosa. Utaratibu wa kawaida ni huu. Akikosa siku moja au mbili na yuko macho, hana dalili ya kulewa, anaendelea na dozi yake. Akikosa siku tatu au nne, anaanzia karibu nusu, kisha inapandishwa akitazamwa. Akikosa siku tano au zaidi, anaanza upya kama mgonjwa mpya. Ndiyo maana zile siku za kituo cha polisi ni za dhahabu. Sheria za Tanzania na za Kenya zinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini wikendi na sikukuu huzivuta saa hizo. Kliniki inayopata simu Jumamosi inaweza kuokoa dozi ya miaka miwili.

Ndugu wa nyumbani, kazi yako hapa ni moja. Usiende kituoni kwanza ukabishane. Piga simu kliniki, mwambie muuguzi ndugu yako amekamatwa na yuko kituo gani. Kisha peleka nakala ya kadi, baki na kadi yenyewe.

Hatua ya 5: Anayeanza kwa mara ya kwanza

Asilazimishwe. Mweleze kwamba metadoni ni dawa ya kila siku, ya muda mrefu, na kwamba akitoka kliniki itampokea. Akikubali kwa hiari yake, tabibu aliyefunzwa aanze kwa kiasi cha chini. Kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 20 siku ya kwanza, na isizidi 30 kwa hali yoyote.

Hapa ndipo haraka huua. Metadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo dozi ya leo inamkuta mgonjwa akiwa na mabaki ya jana na juzi. Miligramu zilezile zilizokuwa salama Jumatatu zinaweza kumlaza usingizi mzito Alhamisi. Ongeza 5 hadi 10 kwa wakati, ukiacha siku kadhaa katikati, na mwangalie saa tatu nne baada ya kunywa, wakati dawa iko kileleni. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Na kumbuka: aliyefika gerezani baada ya siku kumi za kituo na mahakama si yule aliyekuwa akidunga mara nne kwa siku. Mwili wake umeshuka, anza chini zaidi.

Pakiwa na buprenofini, isubiri arosto ionekane wazi, saa 12 au zaidi tangu heroini ya mwisho, ndipo uanze na miligramu 2 hadi 4 chini ya ulimi. Ukiwahi, utamtupa katika arosto kali kwa mkono wako mwenyewe.

Mjamzito anayetumia heroini asikatishwe ghafla, maana arosto inaweza kumharibia mimba au kumletea uchungu kabla ya wakati. Huyu apelekwe mbele ya foleni, aanzishiwe metadoni, na kliniki ya wajawazito ijulishwe ili mtoto aangaliwe akizaliwa.

Na kama dawa hizi hazipo kabisa? Mpe maji yenye chumvi na sukari au ORS, dawa ya kutapika, ya kuhara na ya maumivu. Klonidini husaidia jasho na kutotulia, lakini pima shinikizo la damu kwanza, na likiwa chini ya 90/60 usimpe. Hiyo ni kumpunguzia mateso. Matibabu ya uraibu hayajaanza, na mwambie hivyo wazi ili asidhani amepona.

Hatua ya 6: Dirisha la dozi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huduma nyingi hufa dirishani.

Mgonjwa anaitwa kwa jina, analinganishwa na picha. Unamwangalia machoni na kumsemesha: "Umeamkaje?" Anayejibu kwa ulimi mzito au anayesinzia amesimama hanywi mpaka tabibu amwone. Dawa inapimwa mbele yake, inaongezwa maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Anakunywa palepale. Unamwongezea maji kwenye kikombe kilekile, anasuuza na kumeza. Kisha anasema sentensi nzima, "Asante sista, tuonane kesho", maana mwenye dawa mdomoni hawezi kusema hivyo vizuri. Anakaa kwenye benchi dakika chache mbele yako kabla ya kurudi.

Utaona ni kama kumdhalilisha mtu mzima, lakini unamlinda. Selo zina wababe. Mgonjwa dhaifu anaweza kuambiwa alete dozi mdomoni aiteme kwenye chupa, na atakayeinywa ni mtu asiye na uzoefu wa metadoni, huenda asiamke kesho. Kwa sababu hiyohiyo nyapara asiguse dawa, wala asiitwe kusimamia foleni.

Saa ya dozi iendane na karandinga. Kama gari la mahakama linaondoka saa 1 asubuhi, wenye kesi siku hiyo wanywe saa 12. Pata orodha ya kesi jioni iliyotangulia na uweke alama majina ya wagonjwa wako. Jambo dogo sana, lakini mtu aliyeondoka bila dozi, akashinda mahakamani na kurudi jioni baada ya zahanati kufungwa, amepoteza siku. Mara tatu kwa mwezi kama hivyo, na dozi yake haikamatiki tena.

Mwezi wa Ramadhani zungumzeni mapema. Wapo wanaotaka kufunga, na lokapu ya jioni hufungwa kabla ya magharibi. Ukipata ruhusa, dozi itolewe baada ya futari au kabla ya daku. Ukiikosa, mwite sheikh anayewahudumia wafungwa aseme nao kuhusu ruhusa ya mgonjwa katika dini. Neno lake litapokelewa kuliko lako.

Hatua ya 7: Dawa zinazogombana

Rifampisini ya TB huimaliza metadoni mwilini haraka. Wiki moja au mbili baada ya kuanza TB, mgonjwa aliyekuwa ametulia ataanza miayo na jasho tena, na wasiojua watasema anadanganya ili aongezewe. Hadanganyi. Dozi yake ipandishwe, na TB ikiisha ishushwe polepole, la sivyo itamzidi. Efavirenzi na nevirapini za virusi vya UKIMWI, na fenitoini na karbamazepini za kifafa, hufanya vivyo hivyo. Dolutegraviri, nayo ya virusi vya UKIMWI, haina tatizo la maana. Flukonazoli ya fangasi hufanya kinyume, huiongeza nguvu.

Kila anayedunga apimwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C, kwa hiari yake, na kila anayekohoa apimwe TB. Tazama mikono na kinena, jipu la sindano lililofichwa chini ya nguo huoza kimya.

Hatua ya 8: Pumzi ikikatika

Naloksoni, sindano ya kumzindua aliyezidiwa na heroini au metadoni, ikae mahali ambapo askari wa zamu ya usiku anaweza kuifikia, siyo kwenye kabati la kufuli mbili ambalo funguo zimelala nyumbani kwa muuguzi. Ninasisitiza hili kwa sababu haimlevyi mtu wala haina wa kuiiba.

Dalili ni tatu: haamki ukimtikisa, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi chache au za kukoroma. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie hewa. Miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja au bega. Dakika 2 hadi 3 zikipita bila pumzi kurudi, rudia. Akizinduka usimwache, wala usimrudishe selo. Naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja hivi, metadoni bado ipo, na anaweza kuzimika tena. Aende hospitali.

Wafundishe wenzake wa selo kitu kimoja tu: kukoroma kwa ajabu kwa mtu asiyeamka ni mwito wa kugonga mlango, na anayegonga hataadhibiwa. Mkuu wa gereza aseme maneno hayo mwenyewe mbele yao.

Hatua ya 9: Mazungumzo

Dawa hutuliza mwili, na mtu akitulia ndipo anaweza kufikiri. Nusu saa kwa wiki na mshauri au na mtu aliyewahi kutumia na sasa yuko nafuu hufanya kazi kubwa, hasa huyo wa pili, kwa kuwa anajua maskani zote kwa majina. Jaribu kumpatanisha na nyumbani mapema. Wengine walifukuzwa, na bila pa kulala siku ya kutoka, watalala kijiweni. Lakini usifanye mazungumzo kuwa sharti la kupata dozi. Anayekataa kuongea bado ni mgonjwa.

Hatua ya 10: Kutoka kuanze siku ya kuingia

Mfungwa ana tarehe ya kutoka. Mahabusu hana. Anaweza kupata dhamana saa 5 asubuhi, kesi ikaondolewa, faini ikalipwa na shemeji, akatoka kwa mlango wa mahakama bila kurudi kwako. Desemba 9 au Aprili 26 msamaha wa Rais wa Tanzania unaweza kuwafungulia wafungwa wengi kwa asubuhi moja. Ukisubiri taarifa ya kuachiwa ndipo uandike rufaa, umechelewa.

Kwa hiyo siku ya kwanza anayokunywa dozi kwako, mwandikie karatasi ndogo na ampe ndugu au aiweke pamoja na vitu vyake vya mahakamani. Iwe na jina la kliniki, siku na saa za kufungua, namba ya simu, na dozi yake. Kila dozi ikibadilika, karatasi ibadilike. Mweleze kwa maneno ya wazi, tena na tena: "Ukitoka leo kwa dhamana, kesho asubuhi uko kliniki. Ukiteleza ukatumia, usitumie kiasi cha zamani, na usitumie peke yako." Wapo watakaosema ninamfundisha kutumia. Ninamfundisha asife kabla hajafika dirishani.

Ndugu zake wafundishwe zile dalili tatu, na wapewe naloksoni pale ambapo kliniki inaruhusiwa kuitoa. Wasiache mtu aliyetoka jana alale chumba cha peke yake usiku wa kwanza.

Wewe wa kliniki, weka daftari la walioko ndani. Kila jina liwe na tarehe ya kesi inayofuata. Siku hiyo mchana piga simu gerezani uulize nani hakurudi. Asiyerudi ndiye wa kutafutwa jioni ileile, kwa simu ya mama yake, kwa mjumbe wa mtaa, kwa mhudumu wa jamii anayejua kijiwe chake. Mpigie kesho yake, siku ya tatu, siku ya saba na siku ya 14. Akifika kliniki baada ya siku nne bila dozi, mpokee na umpimie upya kama ilivyo katika Hatua ya 4, na neno la kwanza liwe karibu.